Video ya dakika kumi na mkaratusi wa Tukuyu

Masomo mafupi ya video ya Khan Academy yana sifa moja kubwa: hayachoki. Salman Khan alianza mwaka 2004 kumfundisha binamu yake hisabati kwa mbali. Alipoanza kuweka video YouTube mwaka 2006, binamu zake walimwambia wanampenda zaidi huko kuliko ana kwa ana. Ukweli ni kwamba unarudisha nyuma hata mara tano na hakuna wa kukucheka. Kwa aljebra hilo linasaidia sana: 3x + 5 = 20 ni ileile popote ulipo.

Shida inaanza kwenye trigonometria. Kwenye kioo cha simu pembetatu imeshachorwa, namba zimeshaandikwa, wewe unachagua tu sini, kosini au tanjenti. Sasa toka nje hapa Rungwe upime mkaratusi. Chukua protrakta, uzi na kokoto. Simama mita 20 kutoka shinani. Uzi ukiangukia 55°, pembe ya kutazama juu ni 35°. Tanjenti yake ni 0.7, unapata mita 14. Umemaliza? Bado. Macho yako yako mita 1.5 juu ya ardhi, kwa hiyo mti una mita 15.5. Na hapo ni kama ardhi ni tambarare. Tukuyu hii, tambarare iko wapi jamani?

Kuiona na kuichora ile pembetatu ndiyo hisabati yenyewe, na video imeshakufanyia. Itazame, sawa. Halafu zima simu, tafuta mti, na mwenzako wa kubishana naye.