Kumjua Fundi kwa Injini Inayomisi

Mtaani Kuze, Mombasa, vichochoro ni vyembamba na kuta zimekaribiana, kwa hiyo injini inayomisi husikika kabla gari halijaonekana. Fundi wa kweli huanzia hapo hapo, kwenye sauti. Huliacha gari lingurume, akazunguka nyuma, akaweka kiganja shubiri moja kutoka bomba la moshi. Pumzi moja ikikosekana kila mzunguko, silinda moja imelala. Zikikosekana ovyo, atafute kinachogusa silinda zote: petroli, au hewa inayopenya mahali pasipofaa. Anayekimbilia spana kabla ya hayo, mimi simpi gari langu.

Chukua Probox, ambayo Mombasa imejaa tele. Injini yake ya 1NZ-FE ina koili nne, kila silinda na yake. Kompyuta ya gari ikitoa namba P0302, imetaja silinda ya pili, haijataja sababu. Wengi husoma namba hiyo wakakutuma dukani ukanunue plagi nne na koili. Fundi ninayemheshimu huhamisha koili ya pili kwenda ya tatu, akafuta namba, akawasha. Ikirudi P0303, koili ndiyo mbovu. Isipohama, anahamisha plagi kwa njia ile ile, kisha anageukia nozeli. Kazi hiyo haigharimu kipuri hata kimoja, na ndiyo kipimo changu cha kwanza cha ufundi.

Mtazame pia anavyoishika plagi iliyotoka. Ataipeleka kwenye mwanga na kukuonyesha. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Masizi makavu ni petroli iliyozidi. Ikilowa oili, ringi au sili za valvu zimechoka. Ikitoka imeoshwa safi kuliko wenzake huku maji ya rejeta yakipungua, gasketi ya hedi inashukiwa, na hapo mazungumzo ya bei hubadilika.

Kisiwani kuna la ziada: chumvi ya bahari. Soketi za waya huota kutu ya kijani ndani, na koili nzima ikaonekana imekufa. Asiyechomoa soketi akaichungulia atakuuzia koili usiyoihitaji. Petroli nayo ichunguzwe, kwani kuichanganya na mafuta ya taa kulienea Kenya kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliyaongezea mafuta ya taa tozo ya shilingi 18 kwa lita ili kukomesha tabia hiyo.

Kama yote hayo ni mazima, atapima kompresheni. Silinda tatu zikisoma psi 190 na moja 110, hakuna plagi itakayoiponya, na fundi mwaminifu atakwambia hivyo kabla ya kupokea pesa.

Usilipe gari likiwa limesimama. Injini nyingi hutulia bila mzigo, zikamisi zikibeba. Pandeni nyote wawili, mpite Buxton, mpande Daraja la Nyali kwa gia kubwa na mafuta mengi, redio ikiwa imezimwa.