Nafsi ya Kuazima: Adabu katika Mchezo wa Maandishi

Mchezo tunaokusudia kuuchambua ni ule ambao watu wawili au zaidi hutunga kisa kimoja kwa zamu, kwa maandishi matupu, kila mmoja akijivika nafsi ya mhusika wake. Hakuna jukwaa wala mavazi, hakuna sauti wala uso. Mwaka 1978 Roy Trubshaw na Richard Bartle, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, walianza kuunda ndani ya kompyuta ulimwengu ambamo wachezaji walikutana kwa maneno tu. Leo vijana hucheza hivyo hata kwa simu za mkononi. Wako walimu wanaouona mchezo huu kuwa upuuzi. Sisi tunaona kuwa unamfaa mwalimu wa Kiswahili, hasa katika mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, lakini manufaa yake yanategemea adabu. Na adabu yenyewe si ile inayodhaniwa na wengi.

Tunapotaja adabu, aghalabu tunafikiria maneno ya heshima: shikamoo, tafadhali, samahani. Katika mchezo huu maneno hayo hayatoshi. Mhusika anaweza kuwa mlevi na mwenye matusi, na mchezaji wake akawa na adabu kamili. Tuchukue mfano. Mwanafunzi wa kwanza anaandika: "Mvuvi anafunga mtumbwi wake, anashusha kikapu cha mikeke." Wa pili, aliye mchuuzi, anajibu: "Mvuvi anaona haya, anakiri kwamba wavu ameuiba." Hakuna tusi hapo, hata hivyo kosa ni kubwa. Mchuuzi amemnyang'anya mvuvi ulimi wake, akamkiri­sha jambo ambalo mwenyewe hakulisema. Angaliandika: "Mchuuzi anamtazama mvuvi, anamwuliza: Wavu huu ni wa nani?" angalikuwa amemtuhumu vilevile, lakini jibu angalimwachia mwenyewe.

Kwamba kosa hili si dogo, lilidhihirika Marekani. Mwaka 1993 Julian Dibbell alichapisha katika gazeti la The Village Voice, New York, habari ya ulimwengu wa maandishi ulioitwa LambdaMOO. Mchezaji mmoja, aliyejiita Bw. Bungle, alitumia hila ya programu iliyofanya wahusika wa wenzake waonekane wakitenda mambo ya aibu ambayo wenyewe hawakuyaandika. Hakuna mwili ulioguswa; yalikuwa maneno tu. Lakini walioporwa nafsi zao waliumia kweli, na jamii nzima ya wachezaji ikalazimika kujadili sheria na adhabu. Nafsi ya kuazima, kumbe, ina mwenyewe.

Jambo hili si geni katika fasihi yetu. Malumbano ya washairi yana kanuni inayojulikana: anayejibu hufuata bahari na vina vya aliyeanza, akajibu hoja iliyotolewa, si hoja aliyoibuni yeye. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mombasa na Lamu zilipokuwa katika uadui wa silaha, Muyaka wa Mombasa na washairi wa Lamu walirushiana beti kali. Lakini kila upande ulisema kwa ulimi wake. Abdilatif Abdalla, katika Sauti ya Dhiki (1973), diwani aliyoitunga kifungoni, ana shairi la "Mnazi: Vuta N'kuvute", ambamo Alii na Badi wanagombea mnazi mmoja. Mtunzi ni mmoja, na angeweza kumfanya Badi bubu au mpumbavu. Hakufanya hivyo. Badi anapewa zamu yake na hoja zake, na ndiyo maana msomaji anaingia katika ugomvi badala ya kusikiliza hotuba. Kwa maoni yetu, hapo ndipo ulipo ubora wa shairi hilo, na ndilo somo kubwa kwa wanaotaka kucheza kwa maandishi.

Rumonge nayo ina la kusema. Mwanaanthropolojia Ethel Albert, katika makala yake ya 1964 kuhusu usemaji wa Warundi, alieleza kuwa watu husema kwa kufuata cheo na umri: mkubwa hutangulia, na anayefuata huanza kwa kukubali yaliyosemwa, kisha polepole huleta maoni yake, hata yakiwa kinyume kabisa. Desturi hii ina hekima na ina kasoro. Hekima yake ni kwamba msemaji huonyesha kwanza kuwa amesikia. Kasoro yake ni kwamba mdogo huweza kungoja zamu isiyofika. Darasani tungependa kuchukua la kwanza na kuliacha la pili: anayejibu aonyeshe kuwa amesoma sentensi ya mwenzake, lakini zamu zigawanywe sawasawa.

Mkazo wetu una sababu. Machafuko ya Aprili 1972 yalianzia katika mwambao huo, na mauaji yaliyofuata yaliwafukuza watu wengi mno hadi Tanzania, katika makazi kama Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Waliporudi kwa wingi kuanzia 2008, wengi walikuta mashamba yao, ya michikichi yakiwamo, yana wakazi wengine. Na watoto wao walirudi na Kiswahili, huku Kirundi na Kifaransa vikiwapa taabu. Basi huko mwalimu anaweza kuwa na mtoto wa aliyerudi na mtoto wa aliyekuwa akilima shamba hilohilo katika benchi moja. Anayemwambia mmoja aandike nafsi ya "mwenye shamba" na mwingine ya "mvamizi" hachezi tena. Amehukumu kesi kabla haijasikizwa.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa walimu wenzetu: mchezo uanze na mambo mepesi, kama soko la ndagala au safari ya mtumbwi, mhusika asipewe jina la mtu aliyemo darasani, atakayemwandikia mwenziwe tendo au ungamo arudishiwe sentensi yake aiandike upya, na kila kisa kikiisha, wachezaji wabadilishane nafsi na kukiandika tena. Zoezi hili la mwisho ndilo lenye faida kubwa kuliko yote. Mwanafunzi anayelazimika kumtafutia mpinzani wake hoja nzuri, kwa sarufi safi na kwa haki, hujifunza Kiswahili, na hujifunza pia kwamba upande wa pili una maneno yake. Siku itakapombidi kuzungumza juu ya shamba la kweli, atakuwa amekwisha kuzoea kumngoja mwenziwe amalize.