Mistari Miwili ya Philpott na Castle

Patografu ni karatasi moja ambayo mkunga huchora juu yake mwendo wa uchungu, saa hadi saa, mpaka mlango wa kizazi ufunguke wote. Mistari miwili iliyoifanya kuwa chombo cha uamuzi ni kazi ya R. H. Philpott na W. M. Castle, waliochapisha makala mbili mfululizo mwaka 1972. Utafiti wao ulifanyika Salisbury, Rhodesia, yaani Harare ya Zimbabwe ya leo, kwa wanawake 624 waliokuwa wakijifungua kwa mara ya kwanza.

Mwaka 1954 Emanuel Friedman wa New York alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba kufunguka kwa mlango wa kizazi kunaweza kupimwa kwa sentimita na kuchorwa kwenye grafu, na kwamba mchoro huo hufanana kwa wanawake wengi: taratibu mwanzoni, kisha kwa kasi. Ulikuwa ugunduzi mkubwa. Lakini mkunga aliye peke yake usiku kwenye kliniki ya pembezoni ana swali jingine. Anataka kujua kama huyu aliyelala mbele yake asubiriwe au apelekwe hospitali, na anataka kujua mapema. Uchungu pingamizi ukiachwa, mfuko wa uzazi waweza kupasuka, mtoto akafa kabla ya kuzaliwa, au mama akapona na kubaki na fistula inayovujisha mkojo.

Philpott na Castle walilijibu swali hilo kwa mstari ulionyooka. Walichukua kasi ya wale waliokwenda polepole zaidi miongoni mwa wazazi wa mimba ya kwanza, sehemu moja ya kumi, nayo ilikuwa takriban sentimita moja kwa saa, wakaifanya mpaka. Huo ndio mstari wa tahadhari. Alama za mama zikivuka upande wa kulia, mkunga wa kliniki anajua kuwa safari ya hospitali ianze. Kisha, umbali wa muda wa saa nne kulia kwake, wakachora mstari wa pili unaokwenda sambamba na wa kwanza: mstari wa kuchukua hatua. Hapa ndipo ufundi wao unapostahili sifa zote. Katika nafasi hiyo ya saa nne kuna kutafuta gari, kusafiri, kupokewa na kupimwa upya. Barabara ya kwenda hospitali imehesabiwa ndani ya grafu. Watafiti hawa walimfikiria mkunga asiye na daktari karibu, wakampa hoja ambayo hata daktari aliye mbali angelazimika kuisikiliza.

Kuijaza karatasi yenyewe ni kazi ya mikono na masikio. Mapigo ya moyo wa mtoto husikilizwa kila nusu saa na kuwekwa kwa nukta. Mlango wa kizazi hupimwa kila baada ya saa nne na kuandikwa kwa alama ya X. Kichwa kinavyoshuka, kikipapaswa tumboni kwa vidole, huandikwa kwa duara. Uchungu huhesabiwa ndani ya dakika kumi. Chupa ikipasuka, rangi ya maji nayo huandikwa. Karatasi iliyojazwa baada ya mtoto kuzaliwa, ili faili lionekane kamili, haimsaidii mtu.

Shirika la Afya Duniani liliichukua mistari hiyo na kuipima Indonesia, Malaysia na Thailand kwa wanawake 35,484. Matokeo yalitoka mwaka 1994 katika jarida la Lancet: uchungu wa muda mrefu ulishuka kutoka asilimia 6.4 hadi 3.4, na waliohitaji dawa ya kuongeza uchungu wakapungua kutoka asilimia 20.7 hadi 9.1.

Baadaye hesabu ilirudi Afrika. Utafiti wa Nigeria na Uganda uliochapishwa mwaka 2018, wenye wanawake 5,606 waliojifungua salama, ulionyesha kuwa wengi wao walikwenda polepole kuliko sentimita moja kwa saa, hasa kabla ya kufikia sentimita tano, na bado mama na mtoto wakawa wazima. Sentimita moja kwa saa, basi, ilikuwa kali mno kwa wengi, na kuifuata bila kufikiri kulileta dripu na visu visivyohitajika. Kusahihishwa huko hakuwapunguzii heshima Philpott na Castle. Wao ndio waliowafundisha wengine kuweka mpaka wa namna hiyo juu ya wanawake waliohesabiwa kweli.

Mwongozo mpya wa Shirika la Afya Duniani, wa mwaka 2020, umeiondoa mistari ya mshazari. Kila sentimita sasa ina kikomo chake: saa sita kwenye sentimita tano, saa mbili kwenye sentimita tisa. Zimeongezwa safu za msindikizaji wa mama, kinywaji, nafuu ya maumivu na muda wa kusukuma, na chini kabisa mkunga huandika tathmini yake na mpango waliokubaliana na mama.