Bustani na Walaji Wake

Mvua za Dodoma zikishakata, mwezi wa Mei, mama mmoja wa upande wa Ihumwa huigeuza bustani yake yote. Wakati wa masika alikuwa ameinua matuta ili maji ya ziada yapite na mizizi isioze. Sasa anayabomoa na kuchimba majaruba ya kuzama, nusu shubiri hivi chini ya usawa wa ardhi, ili kila keni ya maji ibaki pale ilipomwagwa, na upepo wa kiangazi upite juu ya miche bila kuikausha. Desemba, mawingu yakianza kukusanyika juu ya vilima, atainua matuta upya. Ni kazi ya jembe na mgongo, na anayekula mchicha wake haioni sahanini. Lakini kwangu mimi hapo ndipo ufundi ulipo. Kupanda mboga kila mtu anaweza. Kuishi na ardhi yenye nyuso mbili, ile ya mafuriko na ile ya vumbi, na kujua siku ya kuhama kutoka uso mmoja kwenda mwingine, hilo halimo kwenye pakiti ya mbegu.

Mboga zake haziendi sokoni. Zinaliwa na kaya za jirani ambazo kabla ya msimu humpa fedha kidogo ya mbegu na ya kutengenezea kisima. Wasio na fedha huleta samadi ya mbuzi, na mwenye punda na mkokoteni husomba maji ya madumu pale kisima kinapopungua. Baada ya hapo kila nyumba hupata fungu lake la kile bustani ilichotoa. Januari ni mlenda, mgagani, majani ya kunde na majani ya maboga, mengi hadi watoto wanachoka. Julai, kipupwe kikiwa kimeshika na usiku watu wanajifunika mablanketi mawili, ni kabichi, karoti na spinachi. Oktoba ni matembele machache kando ya mfereji wa maji ya kuoshea, na mfuko wa mboga kavu. Hakuna anayechagua. Viwavi wakila kunde, kila sufuria inapungua. Kunde zikikubali, kila sufuria inajaa.

Mpango wa namna hii una ndugu zake mbali. Japani, miaka ya 1970, akina mama wa mijini waliingiwa na hofu ya sumu za mashambani wakaenda kufunga mapatano na wakulima moja kwa moja. Marekani, mwaka 1986, mashamba mawili, moja Massachusetts na jingine New Hampshire, yalianza kugawana mavuno na hasara pamoja na walaji wao. Mama wa Ihumwa hajasikia habari hizo. Kwake inatosha kwamba wazee wa Ugogo walilima kwa kuitana, na aliyeita wenzake alipika pombe ya ujimbi, na mwaka wa shida haukuwa wa mtu mmoja.

Uwanda huu wa kati haumpi mtu nafasi ya kukisia. Mvua ya mwaka mzima ni milimita 500 hadi 600 hivi, nayo hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Mara nyingi hukatika Februari, wiki mbili, wiki tatu, mpaka majani ya mahindi yanajikunja. Kwa hiyo yeye hapandi mbegu zote kwa furaha ya mvua ya kwanza. Sehemu ya kunde huiweka nyuma, aipande Februari ikishapita. Na mvua ya kwanza yenyewe ina kazi nyingine, ya kuamsha mlenda uliojipanda. Ukimtazama akipalilia utaelewa ninachosema. Jembe lake linauzunguka mche wa mlenda na mche wa mgagani uliojiotea katikati ya mstari wa mchicha, kana kwamba alizisia mbegu zake kwa mkono. Mkono uliosoma shule ungeing'oa yote miwili kuwa ni magugu. Anayoiacha ndiyo itakayomlisha mtu wakati mchicha umeliwa na kiangazi, kwa hiyo michache anaiacha izae na ipukutishe mbegu palepale. Hajapata kununua mbegu ya mlenda.

Maji nayo yana tabia zake. Kisima chake kimechimbwa kwenye mchanga wa korongo, na kila mwaka kinakwenda chini zaidi kabla ya kukutana na unyevu. Maji ya sehemu nyingi za Dodoma yana chumvi, kila mpishi wa chai anajua. Bustanini chumvi hiyo hupanda juu ya udongo na kuacha ukoko mweupe. Yeye huukwangua kwa kipande cha bati kabla ya kumwagilia, akautupa nje ya uzio, kisha anatandaza samadi na majani makavu. Sijaona mwingine akifanya hivyo kwa subira ile, jaruba baada ya jaruba, alfajiri, kabla jua halijawa kali.

Lakini ninachokitamani zaidi ni paa la tembe. Kwa bibi yangu upande wa Mvumi paa lilikuwa bapa, miti na udongo, chini kiasi kwamba mtoto aliweza kulifikia kwa kukanyaga kinu. Mwisho wa masika lilikuwa uwanja wa wanawake. Majani ya kunde yalichemshwa kidogo na chumvi, yakakamuliwa, yakatandazwa juu ya mikeka. Mlenda ulianikwa bila kuchemshwa, ukageuzwa jioni na asubuhi mpaka ukavunjika kwa vidole, kisha ukatwangwa ukawa unga wa kijani kibichi uliofifia. Sisi watoto tulipewa kazi ya kufukuza kuku na mbuzi, maana mbuzi wa Ugogo hupanda tembe kwa upande wa nyuma kama anapanda ngazi. Harufu iliyotoka paa lile siku za Mei, ya jani lililokauka polepole na vumbi la joto, sijakutana nayo tena mahali popote. Unga uliingia kwenye vibuyu na vilindo, vikazibwa, vikawekwa ndani gizani. Novemba, ghala la uwele likiwa limeanza kuonyesha sakafu, bibi alichemsha maji, akatia magadi kidogo, akanyunyiza mlenda huku akikoroga, akamalizia na karanga zilizotwangwa. Ugali wa uwele ulikwenda na kamba ya mlenda kutoka bakuli hadi mdomoni. Wageni wa mjini waliona haya kula hivyo. Sisi tulishiba.

Wazee walikuwa na sababu ya kuyajaza mapaa. Ihumwa hiyohiyo alizaliwa Mathias Mnyampala mwaka 1917, huyu aliyekuja kuandika historia na mila za Wagogo, na utoto wake uliangukia katika njaa ya Mtunya. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yaliyokuwa vitani yalikuwa yamechukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua nazo zikagoma. Watu wa Ugogo walitawanyika wakitafuta chakula. Nyumba iliyosikia habari za Mtunya kutoka kwa mama mkwe haikuidharau mboga kavu.

Mwaka 1971 ikaja Operesheni Dodoma. Watu walihamishwa kutoka makazi yao ya mbalimbali wakapangwa vijijini kwa mistari, na tembe nyingi zikaachwa zibomoke. Nyumba zilizofuata, kadiri watu walivyopata uwezo, zilikuwa za bati la mgongo. Silichukii bati, linavuna maji ya mvua, na kwa nchi hii hiyo ni neema. Ila halianiki. Mama wa Ihumwa anaanika kwenye kichanja cha fito nyuma ya nyumba, chini ya neti kuukuu ya mbu, na kichanja hakitoshi. Walaji wake wengi hawajawahi kuona jani likikauka.

Na jiji limekuja. Uamuzi wa kuihamishia serikali Dodoma ni wa mwaka 1973. Mpango mkuu wa 1976, uliochorwa na kampuni ya Kanada, uliona mji wa nchi ya wakulima, wenye maeneo wazi na kijani katikati ya makazi. Kisha miaka ikapita kimya kimya, hadi 2016 serikali ilipoanza kuhama kweli, na 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,000 na ushei. Ya 2022 ikahesabu zaidi ya 765,000. Nawakaribisha wote, nawasalimu mbukwenyi, ni ndugu zetu. Ila inaniuma kwamba tumewapokea kwa viwanja na barabara bila kuwafundisha msimu. Bonde lenye mchanga wenye maji limepimwa likawa vitalu vya nyumba, na jiwe la mpaka limesimama kwenye jaruba la mgagani. Malori yanaleta nyanya za Ilula na kabichi za nyanda za juu kila siku ya mwaka, na mtu anaweza kukaa Dodoma miaka mitano asijue kwamba Oktoba si mwezi wa kabichi.

Sisemi malori yarudi. Jiji la watu wengi namna hii haliwezi kulishwa na makorongo. Nasema bustani ya aina hii inasimama juu ya watu, na watu hao ni ufundi pia. Kumlipa mkulima Novemba kwa mboga ambayo haijaota, kupokea mlenda wiki nne mfululizo bila kunung'unika, kuukubali mfuko wa mboga kavu kuwa ni fungu halali, hayo nayo yanafundishwa, tena nyumbani, na mama kwa binti. Mkono wa mkulima unaweza kubaki mzima, ufundi wake ukafa kwa kukosa mlaji anayejua kungoja.

Mwaka huu kaya zilizolipa kabla ya mvua ni za wale wa zamani tu, na wawili kati yao wameuza nyumba wakahamia karibu na watoto wao. Wapangaji wapya walifika getini mwishoni mwa kiangazi wakiuliza kabichi na pilipili hoho. Aliwajibu kwa adabu kwamba hana, akawaonyesha matembele na unga wa mlenda, akawaeleza namna ya kuupika. Walishukuru wakaenda Majengo sokoni. Januari mboga ilipofurika, hakuna aliyewaona, na sehemu kubwa ya majani ya kunde ilizeekea shambani, maana kichanja kilikuwa kimejaa na yeye ana mikono miwili.