Mizani za Usiku

Mchana naandika programu za malipo. Pesa inatoka simu hii, inaingia ile, na kazi yangu ni kuhakikisha haipotei njiani. Ni kazi ya heshima na inanilisha. Lakini saa tatu usiku, watoto wakishalala, nafungua kompyuta ileile na kurudi kwenye programu ambayo hakuna aliyeniagiza: inahesabu mizani, yaani silabi, za mashairi.

Mshairi wa kimapokeo mara nyingi hupanga mizani nane katika ukwapi, nusu ya kwanza ya mshororo, na nane katika utao, nusu ya pili, na ikipungua moja, sikio la mzoefu hushtuka kabla hajaanza kuhesabu. Nilitaka mashine ishtuke vilevile. Nikadhani ni kazi ya siku mbili, maana silabi ya Kiswahili huishia kwa irabu: ki-ta-bu, basi. Likaja ‘mtu’, ambamo m husimama peke yake na kuhesabiwa. Yakaja ‘labda’ na ‘daftari’, yenye konsonanti inayofunga silabi. Akaja ng’ombe, programu ikamkata shingo kwa kudhani ritifaa yake ni mwisho wa nukuu.

Hayo yote niliyapatia kanuni. Lililonikalisha wiki nzima ni ‘mbaya’. Nyumba mbaya: mba-ya, mizani mbili. Mtu mbaya: m-ba-ya, tatu. Herufi ni zilezile tano, macho hayaoni tofauti, mdomo ndio unaojua. Kwa mtu, m ni kiambishi cha ngeli na inajitegemea. Kwa nyumba, ni n iliyogeuka ilipokutana na b, zikatamkwa kwa pumzi moja. Kumbe huwezi kulihesabu neno mpaka ujue linamwelezea nani. Ikabidi programu isome mstari mzima ndipo itoe hukumu juu ya neno moja.

Usiku wa namna hiyo namkumbuka Donald Knuth, Mmarekani aliyezaliwa 1938. Mwaka 1962 alianza kuandika kitabu kilichokuja kupangwa kuwa juzuu saba juu ya sanaa ya kuandika programu. La kwanza lilitoka 1968. Mwaka 1977 akaletewa kurasa za majaribio za toleo jipya la juzuu la pili. Uchapaji ulikuwa unaacha herufi za risasi na kuhamia mitambo ya picha, na alichokiona hakikumridhisha hata kidogo. Maneno yalikuwa sahihi, sura ndiyo iliyoharibika. Akakiweka kitabu kando, akaanza kuandika TeX, programu ya kupanga kurasa, na METAFONT ya kuchora herufi. Alidhani itakuwa kazi fupi. Ikamla kama miaka kumi. Herufi S peke yake ilimsumbua mpaka akaiandikia makala nzima, iliyotoka 1980.

Ninachokipenda zaidi katika TeX ni jinsi inavyokata mistari. Haijazi mstari mmoja na kuusahau. Hupima aya nzima kwanza, kwa sababu neno la mwisho laweza kubadili mahali pa kukatia mstari wa kwanza. Nilipolielewa hilo, ‘mbaya’ yangu haikuniogopesha tena.

Wapo wanaohesabu miaka ile kuwa hasara, kwani sehemu ya kwanza ya juzuu la nne haikutoka mpaka 2011. Siwezi kukubaliana nao. Wanahisabati wa dunia nzima bado wanaandika kwa TeX, na aliyegundua kosa katika vitabu vyake alitumiwa hundi ya dola 2.56, yaani senti 256, mbili kwa kipeo cha nane. Wengi hawakuzipeleka benki, walizitia kwenye fremu. Nyumbani kwake ana kinanda cha mabomba kama cha kanisani, na utungo wake wa kinanda juu ya Kitabu cha Ufunuo ulipigwa mara ya kwanza Piteå, Sweden, siku alipotimiza miaka 80. Ni mkono uleule, unaokataa kuacha jambo likiwa karibu sawa.

Mwezi uliopita nilimpelekea mjomba programu yangu, Tanga. Anatunga tangu ujana. Nikaliingiza shairi lake, mashine ikasema mshororo wa tatu una mizani kumi na tano. Nikamwambia kwa adabu. Hakujibu. Aliusoma kwa sauti, taratibu, kidole kikigonga meza kwa kila silabi, nami nikahesabu: kumi na sita. Akarudi kwenye neno moja, akagonga mara mbili.

“M-bwa,” akasema. “Mpwa wangu, huyu ni wawili. Usimbane.”

Kweli. Neno likiwa fupi hivyo, m au n hubeba mkazo na kupata mizani yake: m-bwa, m-bu, n-chi. Nilikuwa nimemchanganya na mbuzi. Nikafungua kompyuta palepale mezani, nikaandika kanuni hiyo, nikaurudisha mshororo. Mjomba alisogeza kiti, akavaa miwani, akasubiri namba itokee.