Maillu na Lugha ya Eastlands

David Maillu, aliyeuza vitabu kwa wingi miaka ya 1970 kupitia shirika lake la Comb Books, amehukumiwa zaidi kwa maadili: ulevi wa My Dear Bottle (1973), ngono ya After 4.30 (1974), marufuku ya Tanzania ya 1976. Lugha yake huzingatiwa kwa nadra. Without Kiinua Mgongo (1989) huchanganya Kiingereza na Kiswahili, na msomaji aweza kudhani hiyo ni Sheng ya Kaloleni au Bahati. Sivyo. Anwani yenyewe ni ushahidi: kihusishi cha Kiingereza chatawala nomino ya Kiswahili. Sheng aghalabu hutenda kinyume. Huliteka neno la kigeni na kulivika viambishi vya Kiswahili: beste, mabeste. Mseto wa anwani hiyo ni wa karani ofisini, si wa kijana wa mtaani.