Shusha Tanga Kwanza

Mwezi uliopita, kwenye ukumbi wa hoteli moja ya Mombasa, nilikuta watu wamelizunguka sanduku la kioo lenye kijahazi ndani, kila mmoja akikisifu kwa zamu yake. "Mashallah, tazama kinavyong'aa!" Chini yake pamebandikwa karatasi: Jahazi la Lamu. Nilikitazama mbele, nikakitazama nyuma, nikaitafuta Lamu nisiione. Omo, yaani mbele ya chombo, imelala kama ya jahazi la Unguja, na ya jahazi la Lamu husimama wima kama ukuta. Mlingoti umenyooka kama wa bendera ya shule. Tanga ni kitambaa cha pazia. Vanishi imepakwa nzito hata nikauona uso wangu ubavuni. Mimi nimelelewa na waunda vyombo. Masika yakikaza na kazi za ufukweni zikisimama, hao hao ndio walioketi barazani wakiunda vijahazi. Kuona kazi kama ile inasifiwa, huku kijana aliyejifunza sawasawa kule Matondoni, kisiwani Lamu, anakaa na vijahazi vyake bila mnunuzi, kunaniuma.

Anayetaka kununua aanze na mwili. Kijahazi huundwa, hakichongwi. Kilichochimbwa kwenye gogo moja, kisha kikapigwa mikwaruzo ya msumari ili ionekane ni mbao, huo ni mtumbwi uliovishwa tanga. Ingiza kidole ndani upapase mataruma. Yawepo mpaka chini, na yafuate mpindo wa ubavu, yasiwe vijiti vilivyonyooka vilivyogandishwa pale tu jicho linapofika. Tazama na maungio: ubao wa juu usiungwe pale pale ulipoungwa wa chini yake, maana hapo ndipo chombo cha kweli kingefumuka. Tezi ya jahazi, yaani nyuma yake, ni bapa. Ikichongoka kama omo, umeuziwa dau kwa jina la jahazi.

Kisha vipimo. Jahazi la mita 15 likiundwa kwa sentimita 60 limepunguzwa mara 25. Kamba ya milimita 3, ambayo wengi huifunga bila kufikiri, kwenye jahazi lenyewe ingekuwa na unene wa sentimita 7 na nusu, nene kuliko kifundo cha mkono wa baharia anayeivuta. Kichwa cha msumari cha milimita 2 kingekuwa kisahani cha sentimita 5. Fundi anayejiheshimu hutumia uzi wa kushonea alioupitisha kwenye nta, na misumari yake huiona kwa kuinama.

Haya yote mtu mwenye macho huyagundua siku moja. Jambo ambalo mgeni wa kazi hii hulikosa kila mara, na ambalo hata wauzaji wazoefu hulipita, ni mlingoti. Mlingoti wa jahazi huinamia mbele. Si kosa la fundi, wala si uzee wa chombo. Huinamishwa kwa makusudi tangu siku unaposimikwa. Tafuta picha alizopiga baharia Alan Villiers mwaka 1938 na 1939, aliposafiri na Waarabu wa Kuwait kuja pwani yetu, utaona milingoti ilivyoelekea omo.

Sababu yake ni foromali, mti unaobeba tanga. Foromali la jahazi hukaribia urefu wa chombo chenyewe. Ni miti miwili au zaidi iliyolazwa pamoja ikafungwa kwa kamba, nene katikati, nyembamba ncha zote mbili. Mzigo huo hauwezi kuegemea mlingoti; lazima uning'inie mbele yake kwa nafasi. Nahodha anapotaka kugeuza chombo akiwa na upepo mkali, huugeuzia upepo tezi. Mabaharia hulegeza kamba ya demani, huuvuta mguu wa foromali hadi kwenye shina la mlingoti, foromali likasimama wima, kisha tanga lote hupitishwa mbele ya mlingoti mpaka ubavu wa pili. Mlingoti ukinyooka, nafasi hiyo haipo. Ukilala nyuma, kama wanavyoulaza wanaoiga boti za starehe za Ulaya, foromali litasugua mti mpaka vyote viwili viliwe. Kijahazi cha mlingoti wima kimeundwa na mtu ambaye hajawahi kuvuta kamba baharini.

Kipimo chake ni uzi mmoja. Ufunge kijiwe, utundike kileleni mwa mlingoti, uache utulie kama timazi. Kwa kijahazi cha sentimita 60, kijiwe kiangukie mbele ya kitako cha mlingoti kwa vidole vitatu au vinne. Kikiangukia kwenye kitako, rudisha chombo kwa mwenyewe.

Mzee aliyenifunza kushika tezo, Mungu amrehemu, hakukubali mnunuzi aulize bei kabla ya kushusha tanga. Alimpa kijahazi mkononi akamwambia, "Litue." Mtu akilegeza jarari, kamba ya kupandishia tanga, foromali lilipaswa kushuka kwa uzito wake lenyewe, bila kuvutwa. "Haya, litweke." Hapo kapi la mpingo, dogo kama punje ya mbaazi, lilizunguka kwelikweli. Siku moja kapi lilikwama mbele ya mgeni aliyekwisha kutoa pesa mfukoni. Mzee alizikataa, akakirudisha kijahazi ndani, akakaa siku mbili na keekee yake ndogo akilichonga kapi jipya. Mgeni alirudi kukichukua na mzee hakumwongezea hata shilingi.

Namjua mwingine pia, aliyekuwa akiuza vijahazi "vya miaka hamsini". Alivifukiza moshi wa makumbi, akalichovya tanga kwenye chai ya rangi, akausugua ubavu kwa rangi ya viatu. Foromali lilikuwa kijiti cha mshikaki kilichobandikwa kwa gundi kali, kwa hiyo hakuna aliyeweza kulishusha. Mwenye pua asingedanganyika: chombo cha zamani hunuka sifa, yale mafuta ya papa.

Na hilo lanileta kwenye rangi. Jahazi halipakwi vanishi. Juu ya maji ubavu hunywa sifa mpaka uwe wa hudhurungi iliyokolea, chini ya maji hupakwa chokaa iliyokandwa na shahamu, nyeupe iliyofifia isiyong'aa hata kidogo. Rangi nyingine ikae kwenye macho ya omo tu, yale yenye mwezi na nyota, na labda kwenye mkanda mmoja wa ubavuni. Tanga liwe marekani, tena marekani iliyofuliwa mara mbili. Hariri na nailoni hazina mahali hapa. Na kijahazi kilichozidi sentimita 70 ni cha kupamba ukumbi, si cha kutazamwa.

Zamani hakuna aliyehitaji kuambiwa haya. Sisi watoto tulianza na makumbi ya nazi, tukayatia kijiti na tanga la jani, tukayashindanisha kwenye maji ya bamvua. Lililopinduka, mwenyewe alijua bila kuambiwa kwamba mlingoti wake ulikaa vibaya. Jioni ufukweni palisikika keekee na nyundo za kalafati mpaka adhana ya magharibi. Siku hizi panasikika injini.

Mtepe una hukumu yake peke yake, tena kali zaidi. Chombo hicho kilishonwa kwa kamba za nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka wa pembe nne. Kiliondoka baharini mwanzoni mwa karne ya 20, na fundi wa leo hana ufukwe wa kwenda kukitazama. Anategemea maandishi, michoro, na mitepe midogo kama ule wa Makumbusho ya Lamu. Mtepe wa ukubwa kamili ulijengwa upya ukawekwa Beit al-Ajaib, Unguja, na sehemu ya jumba hilo ikaporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Kwa hiyo anayeuza mtepe mdogo wenye vichwa vya misumari ubavuni na tanga la pembe tatu anamfundisha mnunuzi uongo ambao hakuna chombo kilichobaki majini cha kuukanusha. Hesabu mishono. Kamba ipite ndani na nje ya ubao, isiwe imebandikwa juu.

Kile cha hotelini nilimwomba mhudumu anifungulie kioo. Nililegeza uzi uliokaa mahali pa jarari. Foromali halikutikisika; gundi ilikuwa imechuruzika mpaka nusu ya mlingoti, ikakauka chini ya vanishi.

Wiki iliyofuata nilivuka kwenda Matondoni nikanunua kimoja kwa yule kijana. Kiko mezani kwangu. Jana usiku mjukuu wangu alilitua tanga, akalipitisha mbele ya mlingoti, akalitweka ubavu wa pili. Fundo la demani alilikosea, nikalifungua, akaanza tena.